Karata ya Muuza Asali

Siku ya posa yake, badala ya kutulia ndani asingwe na shangazi zake kama wasichana wengine, Kashindye binti Samweli alikuwa Ipuli, kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vifaa vya shule, ameshika karata mkononi. Mama yake alikuwa amemfuata mpaka getini akilalamika.

“Saa tisa, Kashi! Washenga wakiingia saa tisa nikuone umeoga, umevaa. Nikikukosa nakufuata huko huko na mwiko wangu.”

“Nitarudi mapema, mama. Fainali haifiki saa saba.”

“Fainali! Mwaka mzima baba yako anamkataa kijana wa watu, leo amelainika, wewe unaniletea habari za fainali. Mtoto gani wewe?”

Mtoto aliyependa vitu viwili, na vyote viwili vilikuwa kwenye meza moja. Cha kwanza kilikuwa mchezo wa karata unaoitwa Misafara. Cha pili kilikuwa Vedasto, aliyekaa mbele yake na shati jeupe alilolipigia pasi kwa ajili ya posa, akimtazama kwa yale macho yake ya upole yaliyokuwa yakimsahaulisha Kashi hata zamu yake.

Kwa wasioujua mchezo huo, niseme kidogo. Misafara huchezwa na watu wanne. Kila mmoja anaongoza msafara wake kutoka Ujiji kwenda pwani kwa njia ya zamani, ile iliyopita hapa hapa Tabora, na kila mmoja ana vibuyu vyake vya maji. Maji yakikuishia, umetoka. Lakini utamu wenyewe hauko mezani, uko nyumbani, kwa sababu kila mchezaji huja na deki yake, yaani fungu la karata alizozichagua mwenyewe, moja moja, kati ya mamia. Hapo ndipo watu hukesha. Wengine hutengeneza deki ya mabavu, wamejaza askari na bunduki. Kashi alitengeneza deki ya mnyororo.

Mnyororo wake ulikuwa na karata tatu ambazo kila moja peke yake haimtishi mtu. Ngoma ya Kazeh humrudisha Mpagazi Mzee safarini. Mpagazi Mzee akirudi, huiokota Ngoma. Ngoma inamrudisha tena, naye anaiokota tena, na kila akirudi Kisima cha Tura kinawanyang’anya wapinzani wote kibuyu kimoja cha maji. Unazungusha hivyo hivyo mpaka meza nzima imekauka koo. Mnyororo ukikamilika hauna mpinzani, ila una adui mmoja tu, nao ni kujulikana. Wapinzani wakishaujua kabla hujaanza, umekwisha.

Kwa hiyo Kashi hakumwonyesha mtu. Isipokuwa Vedasto.

Angeachaje? Waliitengeneza deki ile pamoja, Jumapili hata Jumapili, kwenye baraza ya shangazi yake Kashi kule Kitete, yeye akitoka ibadani kwa Wamoravian na Vedasto akitoka misani. Walizitandaza karata kwenye mkeka, wakatoa hii, wakatia ile, wakagombana, wakacheka. Shangazi alipita na chai akisema, “Nyie mnaoana au mnacheza kamari?” na Vedasto akajibu, “Shangazi, vyote ni kubahatisha.” Na siku deki ilipokamilika, Vedasto alichomoa mfukoni karata moja, Muuza Asali, karata dhaifu kuliko zote, hata watoto huitupa. Akaitia katikati ya deki ya Kashi.

“Ya nini hiyo? Haina kazi,” Kashi alisema.

“Najua haina kazi. Hilo ni busu langu. Ukiiokota katikati ya mchezo, ujue nimekubusu mbele za watu na hakuna aliyeona.”

Kashi alikwenda nyumbani siku ile akitembea kama hana miguu. Huyo ndiye mwanamume ambaye Kashi alimgombania mbele ya baba yake. Mzee Samweli, mzee wa kanisa, mtu asiyepayuka, alikuwa amesema neno moja tu na kulirudia mwaka mzima. “Kijana huyu alikaa Kipalapala akisomea upadri, akaacha. Simlaumu kuacha. Namlaumu kwamba mpaka leo hajawahi kumwambia mama yake wazi kwamba ameacha kwa hiari. Anamwacha aamini kuna siku atarudi. Mtu wa namna hiyo, mwanangu, hukwambia unachotaka kusikia.” Na mwaka mzima Kashi alijibu, “Baba, humjui.” Alilia, aligoma kula, alimtuma shangazi, alimtuma mchungaji. Wiki iliyopita mzee alisalimu amri. “Basi, waje,” alisema, akatoka nje kwenda kutazama nyuki wake.

Sasa turudi mezani.

Mbali na Vedasto walikuwepo wengine wawili. Sixbert, muuza vipuri vya pikipiki, mcheshi, mchezaji wa kubahatisha. Na Agnetha, binti wa kwaya ya parokia, mweupe wa meno, mwenye aibu, ambaye mama yake Vedasto alikuwa anamtaja kila alipotaka kumchoma Kashi: “Agnetha amenisukia ukili, Agnetha amenipikia.” Agnetha alikuwa mgeni kabisa kwenye Misafara. Alianza juzi juzi tu baada ya Pasaka. Kila mtu alishangaa alivyofika fainali, na Kashi alikuwa miongoni mwa waliompongeza kwa moyo safi.

Mchezo ulikwenda vizuri. Kashi alikiweka Kisima mapema, watu wakakipuuza. Akamwita Mpagazi Mzee, akampoteza kwa makusudi, Sixbert akamcheka. “Dada Kashi leo mawazo yako kwa washenga!”

“Cheka tu, kaka Sixbert. Bana maji yako.”

Akamtazama Vedasto. Vedasto hakumtazama. Alikuwa anazipanga karata zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Kashi alidhani ni wasiwasi wa posa, akamwonea huruma, masikini.

Akaipiga Ngoma ya Kazeh mezani. “Mpagazi Mzee anarudi.”

“Samahani, dada,” Agnetha alisema kwa sauti ndogo, na kuweka karata. “Mlango wa Mtemi. Hakuna mpagazi anayerudi.”

Ukumbi ulinong’ona. Mlango wa Mtemi haimo kwenye deki ya mtu mwenye akili timamu, maana haizuii kitu kingine chochote duniani zaidi ya wapagazi wanaorudi. Bahati, Kashi alijiambia. Mgeni huweka chochote.

Na alikuwa na njia ya pili. Njia ya pili ilikuwa siri ndani ya siri, waliipachika Jumapili iliyopita tu, jua likitua, wawili peke yao. Mpagazi akizuiwa, Punda wa Muskati anaweza kushika nafasi yake na mnyororo ukaenda vile vile. Hakuna anayecheza punda. Wamepitwa na wakati. Kashi alisubiri mizunguko kadhaa, akajifanya amekata tamaa, kisha akamshusha punda wake taratibu.

Agnetha alimtazama Vedasto. Ilikuwa nusu ya kope, si zaidi, kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu kabla ya kujibu. Kisha akaweka karata. “Mbung’o. Punda anakufa.”

“Mbung’o?” Sixbert alipasuka kicheko. “Nani anatembea na mbung’o kwenye deki mwaka huu? Mimi hata sikujua bado wanaichapa!”

Kashi hakucheka. Mlango wa Mtemi unaweza kuwa bahati. Mbung’o si bahati. Mbung’o inaua punda tu, na punda yuko kwenye deki moja tu Tabora nzima. Aliinua macho akazitazama karata za Agnetha zilizokwisha kuchezwa, zimelala wazi mezani, akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuumia. Deki ile haikutengenezwa kushinda mchezo. Ilitengenezwa kumshinda yeye. Kila karata ilikuwa jibu la karata yake moja. Kuna mtu alikaa chini akamfikiria Kashi kwa makini, kwa subira, tabia yake ya kusubiri, tabia yake ya kujifanya amekata tamaa, hakuna alichosahau, kisha akampa mwanamke mwingine matokeo ya fikra hizo. Na upangaji ule aliujua kama mtu anavyoujua mchuzi wa mama yake.

Bado moyo ulikuwa unakataa. Moyo ni mbishi, jamani. Ulikuwa unatafuta mwizi, mpelelezi, mtu aliyechungulia barazani kwa shangazi. Mpaka zamu ilipozunguka na Agnetha, akiwa hana cha kufanya, akaitupa mezani karata isiyo na kazi.

Muuza Asali.

Akaitupa kwa tabasamu. Na lile tabasamu halikuwa la mchezo.

Kashi alizilaza karata zake kifudifudi. “Nimetoka,” alisema.

“Una vibuyu vitano bado!” Sixbert alisema.

“Wape wenye kiu.”

Alitoka nje. Nyuma yake alisikia kiti kikisukumwa, akajua ni nani bila kugeuka. Vedasto alimkuta ukutani kwenye kivuli cha duka, pale wanapoegesha baiskeli.

“Kashi. Kashi wangu, nisikilize.”

“Nakusikiliza.”

“Mama alinisihi nimsaidie yule mtoto. Unamjua mama. Nisingemsaidia angeanza tena habari za wewe umenitoa Kipalapala. Nilikuwa nampoza tu.”

“Ungempa deki ya mabavu. Ungempa deki yoyote. Kwa nini ulimpa ya kuniua mimi?”

Vedasto alijifuta jasho. Akatazama barabarani, akatazama kucha zake. “Anayeshinda leo anakwenda Dar es Salaam,” alisema mwishowe. “Mashindano makubwa. Ungekwenda, Kashi, ungewapiga wote, nakujua. Ungeonekana. Ungerudi ukaniona mimi kitu gani? Nilitaka tuoane kwanza. Utulie. Nilifanya kwa ajili yetu.”

“Kwa ajili yetu.”

“Nakuapia.”

“Ungeniomba nisiende, Vedasto. Ungeniambia, Kashi, naogopa. Unajua ningefanya nini? Ningeichana deki ile mbele yako. Mwenyewe. Kwa mikono hii.” Aliinyoosha mikono mbele yake. “Badala yake ulikaa na mimi kwenye mkeka, ukanishika mkono, ukaniwazia punda, ukatoka pale ukaenda kumwazia mwenzangu mbung’o. Siku ile ile?”

Vedasto aligusa kengele ya baiskeli iliyokuwa karibu.

“Siku ile ile, Vedasto?”

“Jioni yake,” alisema.

Kashi alishika tofali la ukuta. Kuna maumivu mtu huyapata akashukuru amesimama karibu na kitu cha kushika. “Na ile ya asali? Ile ulimwambia ni ya nini?”

“Ile ni karata tu, hata haina…”

“Alisema ni busu lake.”

Waligeuka wote. Agnetha alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, mkono mdomoni, macho yamemjaa machozi. “Aliniambia ni busu lake, ambalo hakuna atakayeliona. Dada Kashi, wallahi, mimi Mkristo lakini naapa, aliniambia nyie mliachana tangu Kwaresima. Aliniambia wewe unamwandama. Nilidhani ananitengenezea deki kwa sababu…” Alijifuta machozi kwa kiganja. “Sikujua hata kama karata zile zinakulenga wewe. Nilikuwa naziweka alivyonifundisha.”

Kashi alimtazama binti yule, na hasira aliyokuwa ameiandaa kwa ajili yake ikakosa pa kutua. “Nenda kamalizie mchezo, mdogo wangu,” alisema. “Sina ugomvi na wewe.”

Agnetha hakurudi mezani. Alikwenda zake nyumbani analia, na Sixbert, akiwa amebaki peke yake na karata zake, akatangazwa mshindi huku akiuliza kila mtu, “Jamani, nimeshindaje?”

Vedasto alisogea. Sauti yake sasa ilikuwa laini, ile ya barazani. “Umekasirika, una haki. Nitaadhibiwa maisha yangu yote, tukishaoana. Lakini mjomba wangu Wenceslaus ameshavaa koti. Washenga wako njiani, mama. Baba yako amekubali, na unajua ilivyotuchukua. Majirani wamealikwa. Huwezi kumwaibisha mzee mbele za watu kwa sababu ya karata.”

Hapo ndipo Kashi alipomjua. Alijua kwamba Vedasto amempima, kama alivyoupima mnyororo wake, akaona mahali penye udhaifu, na mahali pale palikuwa baba yake.

“Waje,” alisema.

Vedasto alivuta pumzi, akatabasamu. “Ndiyo maana nakupenda.”

Saa tisa Kashi alikuwa ameoga, amevaa. Mama yake alimfunga kitenge kipya akimwimbia sikioni, hakuona kitu, furaha ilikuwa imempofusha. Kupitia upenyo wa pazia Kashi aliona sebule. Baba yake alikuwa ameazima viti kanisani na kuvibeba mwenyewe mmoja mmoja. Alikuwa amevaa suti ya ndoa ya kaka yake Kashi, na tai. Mzee ambaye mwaka mzima hakutaka kusikia jina la Vedasto, alikuwa anamkaribisha Vedasto kwa mikono miwili.

“Shikamoo, baba,” Vedasto alisema.

“Marahaba, mwanangu. Karibu kwako.”

Kashi aliziba mdomo kwa kitenge. Laiti baba angenuna! Laiti angekaa kwa kiburi, ingekuwa rahisi. Lakini Mzee Samweli akishakubali jambo hulikubali kwa moyo wote, na tayari alikuwa anamsimulia mjomba Wenceslaus habari za mizinga ya nyuki atakayowapa vijana waanzie maisha.

Mjomba alisimama, akakohoa, akaeleza kwa mafumbo marefu kwamba wameona ua kwenye boma hili. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ndipo ikafika hatua ambayo kila posa huifikia. Binti aliitwa. Shangazi alimtoa Kashi taratibu akiwa amefunikwa khanga, akamsimamisha mbele ya wageni, akamfunua. Vigelegele vikapasuka.

“Mwanangu Kashindye,” baba yake alisema kwa sauti ya sherehe, “wageni hawa wanasema wamekuja kwa ajili yako. Mimi siwezi kupokea mkono wa watu bila wewe kusema. Je, unawafahamu?”

Jibu lake hujulikana. Msichana huinamisha kichwa, akasema ndiyo nawafahamu, baba, na vigelegele vikaanza upya. Mama alikuwa ameshaufungua mdomo kusubiri.

Kashi aliinua macho. Vedasto alikuwa anamtazama. Yalikuwa macho yale yale, ya upole, yenye joto. Aliyapenda. Naomba nisiwafiche, alikuwa bado anayapenda, hata dakika ile.

“Siwafahamu, baba,” alisema.

Watu walicheka. Mjomba Wenceslaus alipiga paja. “Binti ana aibu! Ndiyo malezi hayo!”

Mzee Samweli hakucheka. Alimtazama binti yake usoni, muda mrefu, na kicheko cha wageni kikapungua chenyewe. Alipouliza tena, sauti ya sherehe haikuwepo.

“Mayu,” alisema, akimwita kwa jina analomwita mama yake mzazi. “Tazama vizuri. Usiniogope mimi, usiwaogope watu. Unawafahamu?”

“Kashi…” Vedasto alinong’ona.

“Nimetazama vizuri, baba. Nilidhani namfahamu mmoja wao. Siwafahamu.”

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama aliketi chini pale pale aliposimama. Mzee Samweli alisimama, akakiweka sawa kiti chake, akawageukia wageni.

“Mmesikia, ndugu zangu. Chakula kimepikwa, hatuwezi kuwaacha mwondoke na njaa. Karibuni mle, kisha nitawasindikiza mwenyewe.”

Hawakula. Mjomba aliaga kwa heshima, uso umemsawijika. Vedasto alikuwa wa mwisho kutoka, na mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno, lakini Mzee Samweli alikuwa amesimama kati yake na Kashi, hakusogea.

Majirani walipokwisha kuondoka na sebule kubaki na viti vitupu vya kanisa, Kashi aliketi mkekani akalia kilio alichokizuia tangu asubuhi. Alilia kwa aibu, alilia kwa mapenzi, na zaidi alilia kwa sababu alijua neno linalofuata. Mwaka mzima baba yake alimwonya, na mwaka mzima alimjibu, humjui. Sasa ilikuwa zamu ya mzee kusema.

Mzee Samweli alilegeza tai. Akavua viatu. Kisha akafanya jambo ambalo Kashi hakuwahi kumwona akilifanya, akajishusha polepole kwa magoti yake yanayouma, akaketi mkekani kando yake.

“Sema tu, baba,” Kashi alisema kwa kwikwi. “Uliniambia.”

Mzee alimvuta kichwa akakiegemeza begani kwake.

“Mwaka mzima, mwanangu,” alisema, “kila nikipiga magoti, nilikuwa namwomba Mungu niwe nimekosea.”